Helmeti ya ski si sare ya shule, msimnunulie mtoto ya kukulia

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Najua wasomaji wengi wa Tanga na Dar watasema huyu mama kakosa la kuandika, theluji na sisi wapi na wapi, ila gazeti lako tunalisoma na sisi tulioko huku baridini, mimi nalisoma kila asubuhi kwenye treni nikienda kazini hapa Oslo, na ikishafika Januari simu yangu haitulii. Kwenye grupu letu la wazazi tunaoongea Kiswahili swali ni lile lile kila mwaka, wageni wakija wanalianza upya: shule imetangaza siku ya ski, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji na mbao miguuni, mtoto anatakiwa aende na helmeti, sasa hii ya baiskeli si inatosha tu? Jamani haitoshi, na nimechoka kujibu vipande vipande kwa kidole gumba, naandika mara moja hapa halafu atakayeuliza tena nitamtumia linki.

Kilichonisukuma zaidi ni mama yangu mzazi. Alisikia wajukuu zake wanashuka mlimani wamefungwa mbao miguuni akakosa usingizi siku mbili, ya tatu akatoka akaenda dukani akanunua helmeti ya bodaboda, nyeusi, yenye kioo cha mbele, akampa mgeni aliyekuwa anakuja huku aibebe kwenye begi pamoja na dagaa na unga wa muhogo. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka halafu nikaona hapana, huyu mama kafanya la maana kuliko wengi wetu tunaoishi huku miaka kumi, yeye angalau kawaza kichwa kwanza. Tatizo ni kwamba ile kofia niliiweka kwenye mizani ya jikoni ikasoma kilo moja na nusu kasoro kidogo, wakati ya ski ya mwanangu haifiki hata nusu kilo. Mtoto wa miaka saba umtwike kilo moja na nusu juu ya shingo halafu umwambie akunje kona, hapo hujamlinda, umemtwika ndoo. Na masikio yamezibwa, hamsikii mwalimu, hamsikii anayekuja nyuma kwa kasi.

Kila helmeti imetengenezwa kwa pigo lake, hilo ndilo watu hawalijui. Ukigeuza helmeti ya baiskeli inayouzwa Ulaya utakuta imeandikwa EN 1078, yaani namba ya kiwango cha usalama cha Ulaya, ukigeuza ya ski utakuta EN 1077, tarakimu moja tu ya mwisho imetofautiana na watu wazima wenye miwani yao wanachanganya hapo. Lakini ile ya ski imepitia jaribio ambalo ya baiskeli haikupitia, wanaidondoshea chuma chenye ncha waone kama kitapenya, kwa sababu mlimani kuna fimbo za ski na kingo za ski zenyewe zimenolewa, na kuna matawi ya miti. Tena inajaribiwa ikiwa imegandishwa kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Na ukiziweka mezani kwa pamoja utaona ya baiskeli imejaa matundu na kisogo kiko wazi, ya ski imeshuka hadi karibu na shingo na ina masikio ya kitambaa. Amerika Kaskazini namba ni nyingine, huko mtafute ASTM F2040. Kama ndani hakuna namba yoyote, hilo ni pambo, rudisha.

Sasa kwenye saizi, na hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu na mimi nimekosea.

Sisi tumelelewa na sare za shule. Unanunuliwa shati darasa la kwanza, mikono inakunjwa mara tatu, darasa la nne ndio linakukaa, la sita linakubana, halafu anarithi mdogo wako. Viatu vinawekwa pamba mbele. "Atakua nayo," mama anasema, na kweli tulikua nayo. Basi msimu wa kwanza wa binti yangu nikaingia dukani na akili ile ile, kichwa chake kilikuwa sentimita 51, nikachukua saizi ya 55 hadi 59, nikajipongeza nimeokoa hela ya misimu mitatu. Chini nikamvika kofia ya sufu ili ijae. Siku hiyo hiyo alianguka kifudifudi, tena kwenye kale kamteremko ka watoto wadogo, kenye mkanda wa kuwarudisha juu, si mahali pa kutisha kabisa, na helmeti ikateleza ikaenda kisogoni, paji la uso likabaki wazi likapiga barafu. Nundu kama limau. Kijana mmoja wa uokoaji akaja akamkagua vizuri, akashika ile helmeti akaizungusha kwa vidole viwili ikazunguka kama sufuria kwenye mfuniko usio wake, hakunigombeza, akaniangalia tu. Lile jicho sitalisahau.

Helmeti inanunuliwa ya kichwa cha leo. Unachukua futi kamba ya fundi cherehani, unazungusha juu ya nyusi kama upana wa vidole viwili, unapita juu ya masikio, nyuma unashika pale kisogo kilipochomoza zaidi, hiyo ndiyo namba yako. Huna futi kamba, chukua uzi halafu upime kwa rula. Ukifika dukani vaa bila kufunga mkanda, inama, tikisa kichwa kama unakataa posa, ikianguka au ikicheza si yako. Ikiwa yako, ukiishika ukaisogeza kushoto kulia ngozi ya paji la uso inasogea nayo. Haitakiwi kuuma sehemu moja, ikiuma kwenye paji au juu ya masikio baada ya dakika kumi basi umbo la ganda halifanani na umbo la kichwa chako, jaribu kampuni nyingine, maana wengine wanatengeneza la duara na wengine refu na vichwa vyetu navyo havikutoka kiwanda kimoja. Kuna kigurudumu kidogo nyuma cha kukaza, hicho ni cha kumalizia tu, hakibadilishi L ikawa S, msidanganywe na muuzaji. Mkanda wa kidevuni upite kidole kimoja, si ngumi. Na ile kofia ya sufu itoeni, helmeti ina joto lake, mkiona baridi imezidi chukueni kile kitambaa chembamba cha kubana, na mpime saizi kikiwa kimevaliwa.

Halafu nywele. Hili wauzaji wa huku hawawezi kukwambia kwa sababu halijawahi kuwatokea. Mtoto anapimwa Jumamosi akiwa na vibutu viwili, Jumatano anasukwa rasta nene, Ijumaa helmeti haiingii, au inaingia lakini imekalia juu kama kifuniko cha birika. Mimi siku hizi nina sheria moja nyumbani, msimu wa theluji ni twende kilioni mwanzo mwisho, jina lake si zuri kwa safari ya mlimani najua, lakini imelala chini, inakwenda nyuma, inaishia shingoni na helmeti inakaa. Shanga na vibanio vya plastiki vyote vinatoka, maana kitu kigumu kikibaki katikati ya helmeti na fuvu, siku ya pigo kinageuka kuwa ngumi ya ndani. Mafundo makubwa ya utosini hapana. Na nyie kina baba mnaofuga afro, mpime baada ya kuzibana, msipime siku mmetoka kinyozi. Kwa wanaovaa hijabu, rafiki yangu wa Zanzibar anatumia ile ya michezo, nyembamba isiyo na pini, anaenda nayo dukani ikiwa kichwani, na anasema ndiyo imemfaa kuliko zote.

Miwani ya ski pia ibebeni mnapokwenda kujaribu. Pakibaki uwazi kati ya juu ya miwani na ukingo wa helmeti upepo unapita hapo na paji linaganda, huku watu wanawacheka wenye ule uwazi, lakini mimi sijali kuchekwa, najali kwamba uwazi mkubwa mara nyingi maana yake ni helmeti imevaliwa imerudi nyuma. Na ikiwa inaisukuma miwani mpaka puani basi imeshuka sana au ni kubwa.

Mitumba sasa. Mhariri, mimi ni mtu wa mitumba damu damu, makoti ya watoto wangu yote, suruali za theluji, hata ski zenyewe na viatu tumenunua kwenye masoko ya mitumba yanayofanyika mashuleni huku, na sioni aibu. Helmeti nilinunua mara moja. Nje ilikuwa inang'aa, bei ya kutupa, nikafika nyumbani nikabandua kitambaa cha ndani nikafue, nikakuta lile povu gumu, lile jeupe au jeusi linalofanana na linalokuja kwenye boksi la TV mpya, lina ufa kutoka sikioni hadi juu. Aliyeniuzia pengine hata yeye hakujua. Lile povu ndilo linalofanya kazi, ganda la nje ni msaidizi tu, povu linakubali kupondeka ili fuvu lisipondeke, na likishapondeka halirudi, halina mara ya pili. Kwa hiyo helmeti iliyowahi kula pigo la maana imeshamaliza kazi yake hata kama nje haina mkwaruzo, na mtumba hauna cheti cha kuzaliwa, hujui ilianguka wapi na nani. Watengenezaji wengi wanasema ibadilishwe baada ya miaka mitatu hadi mitano ya kuvaliwa hata kama haijaanguka. Wengine mtasema wanatafuta kuuza. Inawezekana, lakini ile yenye ufa niliiona kwa macho yangu.

Kama hela haitoshi, kodisheni. Vituo vya ski vinakodisha pamoja na ski na viatu, na wapo wanaompa mtoto helmeti bila kuongeza bei, ulizeni. Ila na hizo za kukodi zikague ndani, bonyeza povu, vuta mkanda. Tena hapa Norway vituo vingi vinawaachia watoto hadi miaka 6 wapande bure kwa sharti moja, wawe na helmeti kichwani, kwa hiyo tayari umeokoa tiketi.

Kuhusu bei, zinaanzia kroner mia nne hivi mpaka elfu mbili na kupita, na kila mtu ananiuliza hiyo ya elfu mbili ina nini. Mara nyingi ina wepesi, matundu ya kufungua na kufunga, rangi, na kioo kilichounganishwa. Zote zikiwa na namba ile ile ndani zimepita mtihani ule ule. Kitu kimoja naona kinastahili kuongezewa hela ni ile yenye alama ya MIPS, utaona ndani kuna utando mwembamba, mara nyingi wa njano, unaocheza kidogo. Ni kazi ya watafiti wa Stockholm, walianza kuiwaza miaka ya tisini. Wazo lao ni kwamba mtu anayeanguka kwenye mteremko kichwa hakigongi wima kama nyundo, kinagonga kwa mshazari na kinazungushwa. Shika nazi uizungushe ghafla, fuu linakwenda maji yanabaki nyuma, na ubongo nao ndivyo unavyovutwa ndani ya fuvu. Ule utando unaruhusu ganda liteleze milimita 10 hadi 15 ili sehemu ya mzunguko iishie hapo. Lakini MIPS kwenye saizi isiyo yako ni hela mmetupa, bora ya mia nne inayokaa.

Mtaona pia zimeandikwa Class A na Class B. A ganda lake gumu linafunika na masikio, ya B masikio ni kitambaa. Wanaoshindana mbio nyingi za mlimani wanatakiwa kuvaa ngumu, na kwenye mashindano ya kimataifa ya mbio hizo kuna stika ya FIS RH 2013 nyuma, FIS ni shirikisho la kimataifa la ski, bila hiyo huanzi. Kwa mtoto anayejifunza mimi nachagua B, asikie anapoitwa.

Kaka yangu mmoja wa Mwanza aliniuliza, mbona yule Mkenya wa zamani hakuvaa? Alimkumbuka Philip Boit, Olimpiki ya Nagano 1998, aliyekuwa wa mwisho, wa 92, na Bjørn Dæhlie aliyeshinda akamsubiri kwenye baridi amkumbatie, sisi wote tulilia siku ile. Swali zuri. Boit alikuwa anashindana mbio za nyika, zile za kusukuma kwa miguu na fimbo kwenye njia iliyochongwa, pale watu wanavaa kofia ya sufu na inatosha. Mlimani ni mchezo mwingine. Mtafuteni Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya PyeongChang 2018 kwenye mbio za kushuka, picha zake zote za mashindano helmeti ipo. Kwa hiyo shule ikisema siku ya ski ulizeni kwanza, ski gani? Wazazi wawili mwaka jana walinunua helmeti watoto wakaenda kutembea msituni na ski za nyika, hasara hiyo.

Ndugu zangu wa Italia nyie hamna la kuuliza tena, kuanzia Novemba 1, 2025 ni lazima kwa kila mtu mlimani, mkubwa na mdogo, kabla ya hapo ilikuwa kwa walio chini ya miaka 18.

Nisiwadanganye lakini, helmeti si hirizi. Ile ya EN 1077 inajaribiwa kwa kudondoshwa kutoka mita moja na nusu, ikifika chini ina kasi kama ya kilomita 19 na nusu kwa saa, na mlimani kijana wa miaka kumi na tano anapita arobaini huku anacheka. Michael Schumacher alikuwa ameivaa Desemba 29, 2013 kule Méribel, Ufaransa, akatoka nje ya njia akapiga jiwe, na mtu mwenye mbio za magari damuni hakupona kama alivyokuwa. Lakini mwaka 2009 mwigizaji Natasha Richardson alianguka kwenye mteremko wa wanaojifunza kule Mont Tremblant, Kanada, bila helmeti, akainuka, akasema mzima, akakataa msaada, baada ya saa moja hivi kichwa kikaanza kuuma, siku mbili baadaye amefariki, damu ilikuwa inavuja ndani taratibu. Mteremko wa wanaojifunza! Ndio maana mtoto akipiga kichwa, awe na helmeti au hana, akitapika, akisinzia sinzia, akilalamika kichwa au akiongea visivyoeleweka, msisubiri kesho na msimpe panadol alale, nendeni emajensi. Na kuna utafiti uliofanyika kwenye vituo vinane vikubwa vya hapa hapa Norway, ukachapishwa 2006, ulikuta wanaovaa walikuwa na hatari ya kuumia kichwa pungufu kwa asilimia 60. Si zote, lakini mimi hizo sitini nazitaka.

Mume wangu kasoma barua hii kabla sijaituma, kauliza mbona sijaandika kwamba na yeye alikataa kuvaa misimu miwili, ati anaonekana kama uyoga. Basi nimeandika. Sasa anavaa, binti yake alimwambia akivua na yeye anavua.

Ile ya bodaboda nimeirudisha Tanga na mgeni mwingine mwezi uliopita, kwa mjomba wangu ambaye amekuwa anaendesha bodaboda miaka sita na helmeti anaitundika kwenye usukani ili trafiki aione. Mama alinuna kidogo. Kabla ya kuituma nilimwambia mjomba kwenye video achukue uzi ajipime, akabisha, akapima, 58, nikageuza ndani ya helmeti nikasoma, 57 hadi 58. Kumbe mama alinunua ya mdogo wake.

Mama Zawadi,
Oslo, Norway